Uzi: Intanshipu ya umeneja wa bidhaa kwa aliyehitimu juzi, tuweke kila kitu hapa

Mchora_Ramani

Wakuu, swali hili linarudi kila baada ya siku chache: "Nimemaliza chuo, nataka kuingia kwenye umeneja wa bidhaa, nianzie wapi?" Majibu huwa ya juujuu mno. Kwa asiyejua, meneja wa bidhaa, kwa kifupi PM, ndiye anayeamua kitu kipi kijengwe na kipi kiachwe. Naanza mimi, wenye ujuzi ongezeeni na mnisahihishe nikikosea.

Kabla ya CV na kabla ya kozi, tafuta mstari mmoja kwenye tangazo: ule unaotaja tarehe ya kuhitimu. Kwa kampuni nyingi kubwa za teknolojia, intanshipu (mafunzo ya muda kazini) ni usaili mrefu wa wiki 12 hivi. Humchukua mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja au mwaka, humtazama akifanya kazi, kisha humpa ofa ya kuanza akishamaliza masomo. Ndiyo sababu tangazo linadai urudi chuoni baada ya hapo. Mhitimu akijaza fomu hiyo anaweza kuchujwa kwa mwaka wa kuhitimu tu, hata kabla CV yake haijasomwa. Anatuma maombi 60, anakataliwa yote, kisha anahangaika kurekebisha CV isiyo na tatizo. Amebisha mlango usio wake.

Na tafadhali msibadilishe tarehe ili mpenye. Vyeti huhakikiwa baada ya ofa, na ofa hufutwa.

Milango ya mhitimu ni hii. Kuna programu za APM, yaani meneja msaidizi wa bidhaa. Google ilianzisha yake mwaka 2002 chini ya Marissa Mayer, meneja wake wa bidhaa wakati huo, ikawa kielelezo kwa kampuni nyingine. Ya Meta huitwa RPM, yaani meneja wa bidhaa wa mizunguko, na ilijengwa juu ya mizunguko mitatu ya miezi sita sita katika timu tofauti. Hizo ni ajira kamili, hulenga watu wenye uzoefu mdogo sana, na nafasi zake ni chache kuliko wanaozitaka. Kuna intanshipu za kampuni ndogo na za kati, ambazo mara nyingi hazina sharti la kurudi darasani. Na kuna kazi jirani: huduma kwa wateja, uchambuzi wa data, upimaji wa ubora wa programu. Ukishakuwa ndani unahamia timu ya bidhaa. Mlango huu wa tatu unadharauliwa bure, maana mtu wa huduma kwa wateja anasikia malalamiko ambayo PM hulazimika kuyatafuta.

Kalenda nayo. Kampuni kubwa zinazochukua watarajali (wanaofanya intanshipu) wa Juni hadi Agosti hufungua maombi mwaka uliotangulia, wengi kati ya Julai na Novemba, na baadhi hufunga mapema maombi yakijaa. Kampuni ndogo huajiri wiki chache tu kabla ya kuanza. Kwa hiyo ukisubiri Mei, usipoteze nguvu kwa wakubwa. Nenda kwa wadogo.

Mwanagenzi_24

Asante mkuu, haya ni madini. Maswali mawili. Shahada yangu si ya kompyuta, je, lazima nijue kuandika kodi za programu (code)? Na vyeti vya PM vya mtandaoni vina uzito wowote?

BiData

Kodi si lazima kwa nafasi nyingi za mwanzo, ingawa zipo timu, hasa za bidhaa zinazotumiwa na wahandisi wenzao, zinazodai shahada ya kompyuta. Soma tangazo. Kinachokutenganisha na wengine ni SQL, lugha ya kuuliza data iliyo kwenye hifadhidata. Jifunze SELECT, WHERE, GROUP BY, JOIN na LEFT JOIN hadi uziandike bila kutazama. Kwa saa moja kila siku, wiki tatu zinatosha kufika kiwango cha mtarajali.

Wengi hukwama si kwenye kuandika bali kwenye maana ya jibu. Chukua jedwali la watumiaji na jedwali la miamala. Ukiyaunganisha kwa JOIN ya kawaida, wote ambao hawakufanya muamala wanatoweka, na kiwango chako cha mafanikio kinakuwa asilimia 100 bila wewe kujua. Hapo panahitaji LEFT JOIN, inayobakiza watumiaji wote. Kosa la pili ni kuhesabu mistari badala ya watu. Watu 1,000 wamefungua programu, 250 kati yao wamenunua, jumla ya manunuzi ni 400. Ukisahau neno DISTINCT, linalohesabu kila mtu mara moja, unatangaza asilimia 40. Ukweli ni asilimia 25. Msaili hukuwekea mtego huu kwa makusudi.

Zaidi ya hapo, elewa kwa maneno yako programu inavyoongea na seva, API ni nini, na kwa nini kitu kinachoonekana kidogo kwenye skrini kinaweza kugusa hifadhidata nzima. Mhandisi akikwambia kazi ni wiki tatu, uweze kuuliza sehemu ipi inakula muda.

Vyeti: vinakupa msamiati, na msamiati una faida. Lakini cheti kinasema ulihudhuria. Hakisemi kama unaweza kuamua. Weka mstari mmoja chini ya CV, usikifanye nguzo.

Mchora_Ramani

Nakazia hapo kwa BiData. Kazi ya PM ni kuamua kitu kipi kijengwe na kipi kiachwe, kwa ushahidi usiokamilika, huku wanaojenga hawako chini yako. Mwajiri anatafuta dalili moja tu: je, huyu amewahi kuamua, na anaweza kueleza kwa nini? Mhitimu asiye na kazi anaitengeneza dalili hiyo kwa mradi mmoja uliofanywa vizuri. Mmoja, si mitano.

Kosa linaloua miradi mingi ni kuchagua bidhaa maarufu duniani na kuichora upya. Huna data yao, hujui vikwazo vyao, na msaili ameshaona michoro kama hiyo mingi. Chagua kitu kidogo ambacho watumiaji wake unaweza kuwafikia kwa miguu. Tuseme mfumo wa maktaba ya chuo: mwanafunzi anaona kitabu kipo, anafika rafuni hakipo.

Wahoji watu sita, dakika 30 kila mmoja. Usiulize "Je, ungependa kupata arifa kitabu kikirudi?" Kila mtu atasema ndiyo, na hutakuwa umejifunza chochote. Uliza: "Nieleze mara ya mwisho ulipotafuta kitabu hapa. Ulianzia wapi? Ulipokikosa ulifanya nini?" Yaliyokwisha kutendeka yana ushahidi, ya kesho ni matamanio. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Mtunza maktaba naye mhoji, maana pengine chanzo ni vitabu kurudishwa saa nne na kuingizwa kwenye mfumo jioni. Hapo suluhisho si programu kabisa, ni kubadilisha utaratibu wa dawati la mapokezi. Mradi unaoishia kusema "hapa hatuhitaji kujenga kitu" ni mradi mzuri sana, mradi uwe na ushahidi.

Kisha andika kurasa mbili, zisizidi. Tatizo kwa sentensi mbili. Ushahidi. Nani anaumia zaidi. Ulichochagua. Ulivyoviacha na sababu ya kila kimoja. Utajuaje kimefanya kazi. Nini kinaweza kuharibika. Sehemu ya ulivyoviacha ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Zawadi_QA

Niongezee kwenye kupima. Chora skrini tatu au nne kwa Figma (programu ya kuchora skrini), au hata kwa karatasi, mpe mtu jukumu ("weka nafasi ya kitabu hiki") na unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Ukimsaidia mara moja tu, jaribio limekufa. Andika: alimaliza au hakumaliza, alitumia sekunde ngapi, alikwama wapi.

Watu watano wanatosha kwa duru moja. Hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, inasimama juu ya makadirio kwamba mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya matatizo ya matumizi. Ukifika watano umefichua karibu asilimia 85. Lakini watano hao ni wa kundi moja. Wanafunzi ni kundi, watunza maktaba ni kundi jingine, kila kundi lina watano wake. Na ni bora watano, urekebishe, kisha watano wengine, kuliko kumi kwa mkupuo.

Mwanagenzi_24

Nimeelewa. Nilikuwa nafikiria kufanya jaribio la A/B, watu 60 waone mchoro wa zamani na 60 waone mpya, halafu niweke matokeo kwenye CV. Je, inafaa?

BiData

Haifai, na msaili mwenye ujuzi wa data atakubana hapo hapo. Kuna kanuni fupi ya makadirio: idadi kwa kila kundi ni 16 mara p mara (1 – p), gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuigundua; p ni kiwango cha mafanikio cha sasa. Hiyo ni kwa kiwango cha makosa (kuona tofauti isiyokuwepo) cha asilimia 5 na nguvu (kuiona tofauti iliyopo) ya asilimia 80. Kama sasa asilimia 10 wanafanikiwa na unataka kugundua kupanda hadi asilimia 12: 16 × 0.1 × 0.9 ni 1.44, gawanya kwa 0.02 × 0.02, yaani 0.0004, unapata 3,600 kwa kila kundi. Ukitaka kugundua nusu ya tofauti hiyo, idadi inapanda mara nne hadi 14,400. Watu 60 watakupa bahati nasibu yenye sura ya sayansi.

Andika badala yake: "Katika majaribio ya watu watano, wanne walishindwa kupata kitufe cha kuweka nafasi, baada ya kukihamisha, watano wengine wote walikipata." Ni dogo, ni kweli, na linatetewa.

Mchora_Ramani

Hapo hapo niingize RICE, njia ya kupanga vipaumbele kwa alama, maana wengi huitumia vibaya. Unachukua wanaofikiwa, mara athari, mara uhakika, gawanya kwa kazi. Arifa ya kitabu kurudi: wanafunzi 400 kwa muhula, athari 1, uhakika asilimia 80, kazi wiki 2, unapata 160. Ramani ya rafu: 150, athari 2, uhakika asilimia 50, wiki 1, unapata 150. Mgeni anatangaza kwamba 160 imeshinda. Namba zote nne ni makisio, tofauti ya 10 haina maana yoyote. Kinachotakiwa ni kusema: uhakika wa asilimia 50 ndio unaoiangusha ramani, nikiwahoji watu watatu zaidi unaweza kupanda hadi 80, na hapo alama inakuwa 240. Kumbe hatua inayofuata ni mahojiano, si kujenga.

Kalamu_Nyekundu

Nimekuwa nikifuatilia kimya, nachangia upande wa CV. Ukurasa mmoja, safu moja, bila picha, bila vipimo vya nyota vya "uongozi 4/5". Mifumo ya kupokea maombi husoma maandishi kutoka juu kwenda chini, na safu mbili huchanganyikana. Jaribu mwenyewe: fungua PDF, nakili yote, bandika kwenye faili tupu. Ukiona miezi ya ajira imeingia katikati ya jina la chuo, na mfumo unaona hivyohivyo.

Mstari mbovu: "Niliongoza kikundi cha wanafunzi katika mradi wa programu ya simu." Uliongoza kufanya nini? Mstari unaosimama: "Nilipendekeza kuondoa hatua 2 kati ya 5 za usajili baada ya kuwatazama watumiaji 8, waliomaliza waliongezeka kutoka 11 kati ya 30 hadi 19 kati ya 30." Weka idadi kamili pale kundi ni dogo. Ukiandika "ongezeko la asilimia 73" juu ya watu 30, utaulizwa asilimia 73 ya nini, na uaminifu unaisha pale.

Kama huna namba, usitunge. Sema uamuzi na sababu: "Tuliacha kipengele cha gumzo kwa sababu watu 7 kati ya 8 walishatumia njia nyingine kuwasiliana."

Mwanagenzi_24

Na kuwaandikia watu walio ndani ya kampuni? Nikituma ujumbe hawajibu.

Kalamu_Nyekundu

Kwa kawaida ujumbe unafeli kwa sababu unaomba kazi kwenye sentensi ya kwanza, au ni mrefu hadi mtu anauahirisha. Mwandikie PM wa ngazi ya chini au aliyepitia intanshipu hiyo, si mkurugenzi. Usizidi maneno 90. Mfano:

"Habari za kazi. Nimehitimu mwaka huu na ninaomba nafasi ya mtarajali wa bidhaa kwenye timu ya malipo. Hivi karibuni niliwahoji watumiaji sita kuhusu kwa nini huacha malipo katikati; maelezo ya kurasa mbili yako kwenye kiungo hiki. Nina swali moja: kwenye timu yenu, mtarajali hupewa tatizo alichunguze, au kipengele kilichokwisha kuamuliwa? Hata jibu la sentensi moja litanisaidia. Shukrani."

Swali hilo linajibika kwa dakika moja, na linaonyesha unajua kazi. Kimya kikizidi siku saba, kumbusha mara moja, basi. Akijibu, shukuru, endeleza mazungumzo, ndipo uombe akupendekeze, ukimwekea namba ya tangazo na CV ili asihangaike. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu, maana kuna mifumo isiyopokea pendekezo baada ya maombi kuingia.

Mchora_Ramani

Sasa usaili. Aina za maswali ni nne au tano, nitakaa kwenye moja kwa sababu ndipo wahitimu wanapoanguka zaidi: "Kiwango cha wanaokamilisha malipo kimeshuka kutoka asilimia 34 hadi 25. Utafanya nini?"

Anayeanguka hutaja sababu mara moja: washindani, bei, muundo mbaya. Anayepita huanza na kipimo chenyewe. Kiwango hicho ni nini kugawanya kwa nini? Kinalinganishwa na wiki iliyopita au wiki kama hii mwaka jana? Je, vihesabio vyenyewe vinafanya kazi? Toleo jipya la programu likiacha kutuma tukio moja, kipimo huanguka bila mtumiaji yeyote kubadilika. Kisha sura ya anguko: la ghafla hunusa toleo jipya au hitilafu, la polepole hunusa ubora, msimu au mshindani. Kisha gawa: aina ya simu, toleo, nchi, wapya na wa zamani. Kisha angalia ni hatua ipi ya safari imevuja.

Na kuna mtego wa mchanganyiko, uufahamu vizuri. Wiki ya kwanza wa zamani 800 wanakamilisha kwa asilimia 40, yaani 320; wapya 200 kwa asilimia 10, yaani 20. Jumla 340 kati ya 1,000: asilimia 34. Wiki ya pili tangazo limeleta wapya 800. Wa zamani bado 320, wapya sasa 80. Jumla 400 kati ya 1,600: asilimia 25. Hakuna kundi lililoharibika, na malipo yameongezeka. Ukiliona hili bila kuambiwa, umejitofautisha na chumba kizima.

BiData

Kwenye maswali ya kukadiria, sema dhana zako kwa sauti na utumie namba za mviringo. "Huduma ya picha inahitaji hifadhi kiasi gani kwa mwaka?" Watumiaji milioni 1, picha 5 kwa siku, MB 3 kila moja: TB 15 kwa siku, mara 365 ni takriban PB 5.5 (PB 1 ni TB 1,000). Halafu ongeza nakala za akiba. Zikiwa tatu kwa jumla, inakaribia PB 16.5. Usisimame hapo, taja dhana ipi ukikosea inaharibu jibu zaidi. Hapa ni picha 5 kwa siku, maana watumiaji wengi hawapigi hata moja.

Zawadi_QA

La kubuni bidhaa nalieleza kifupi. Dakika 5 za kuuliza lengo na mtumiaji, chagua kundi moja, taja matatizo matatu ya kundi hilo, chagua moja na useme kwa nini, toa njia tatu, chagua moja. Malizia na kipimo cha mafanikio pamoja na kipimo cha ulinzi, yaani kile kisichotakiwa kuharibika. Ukipandisha idadi ya arifa zinazofunguliwa, linda idadi ya wanaozima arifa. Wengi hutaja vipengele kumi na hawachagui hata kimoja.

Mwanagenzi_24

Nashukuru sana wakuu, na dada Zawadi pia. La mwisho: kampuni ndogo imesema iko tayari kunichukua miezi mitatu. Niulize nini kabla ya kukubali?

Kalamu_Nyekundu

Nani atakuongoza, na je, yeye mwenyewe ni PM? Kama jibu ni "utaripoti kwa mkurugenzi na utajifunza ukiendelea", mara nyingi utaishia kuandika kumbukumbu za vikao na kupanga tarehe. Hiyo ni kazi ya uratibu wa miradi, ni ya heshima, ila si uliyoifuata. Uliza tatizo gani utakabidhiwa, data ipi utaruhusiwa kuiona, na mara ngapi utaongea na watumiaji. Uliza watarajali waliotangulia walibaki wangapi. Malipo yaandikwe. Kama hakuna malipo, muda uwe mfupi wenye mwisho ulioandikwa, na ujue sheria za kazi za mahali ulipo zinasemaje kuhusu mtarajali asiyelipwa.

Mchora_Ramani

Na uliza unaruhusiwa kuonyesha nini baadaye. Pata ruhusa ya maandishi, hata ya barua pepe, inayosema unaweza kueleza tatizo, uamuzi na mabadiliko ya kipimo kwa asilimia bila kutaja namba za siri. Iombe wiki ya kwanza. Wiki ya 12 kila mtu ana haraka, na bila ruhusa hiyo utatoka na miezi mitatu usiyoweza kuionyesha popote.